MKIMBIAJI, PIMA DAMU KWANZA

Ndugu msomaji, je, kijijini kwako wapo vijana wanaofanya mazoezi ya mbio ndefu? Basi wasomee habari hii.

Kijana mmoja alikuja kwenye zahanati yetu. Alisema, "Daktari, tumbo linaniuma na sipati choo." Nilimwuliza ametumia dawa gani. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema anameza vidonge vya kuongeza damu vya mke wake, ambaye ni mjamzito. Alitaka kushinda mashindano ya wilaya.

Nilimpima wekundu wa damu. Alikuwa na gramu 15. Mwanamume mzima mwenye gramu 13 au zaidi hana upungufu wa damu. Vidonge havikumwongezea mbio. Vilimfunga choo tu. Nilimwomba amlete mke wake. Mama huyo alikuwa na gramu 9. Mjamzito hatakiwi kuwa chini ya gramu 11. Aliyehitaji dawa ndiye aliyeikosa!

Ndugu msomaji, tuelewe jambo hili. Ndani ya damu mna madini ya chuma. Madini hayo huisaidia damu kubeba oksijeni, yaani hewa inayotumiwa na misuli. Chuma kikipungua, mkimbiaji huchoka upesi na kuhema sana. Huyo vidonge humsaidia. Lakini mwenye damu na akiba ya chuma ya kutosha haongezi nguvu kwa kumeza vidonge. Tena chuma kikizidi kwa muda mrefu huweza kudhuru ini.

Damu hupungua kwa sababu nyingi. Malaria huiharibu. Minyoo ya safura huinyonya. Wanawake hupoteza damu wakati wa hedhi. Kumeza vidonge bila kutibu minyoo ni kama kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Fanya hivi:

1. Ukichoka kuliko kawaida, nenda zahanati ukapimwe damu.

2. Kula maharage, mchicha na dagaa. Ukipata nyama, kula. Kula na chungwa au limau ili mwili upate chuma zaidi.

3. Usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili.

4. Tumia choo, na vaa viatu uendapo shambani. Safura huingia kupitia ngozi ya miguu.

5. Vidonge vya mama mjamzito ni vyake peke yake. Viweke mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Kijana yule bado anakimbia. Kila jioni humletea mke wake maji ya kumezea dawa.

Maswali ya kujadili darasani:

Kwa nini vidonge havikumsaidia kijana?

Nani nyumbani kwako anahitaji kupimwa damu?