Jani la Mwanzi Ndilo Jiko la Chipukizi

Msimu wa mvua, katika mashamba ya mianzi ya Iringa na Njombe, utaona machipukizi yaliyokatwa ncha, kila moja limefungiwa kikombe cha pingili. Ndani yake hudondoka utomvu mtamu ambao ukichacha huwa ulanzi. Mgema hurudi asubuhi na jioni, hukata ncha upya, na utomvu huendelea kutoka. Sasa litazame lile chipukizi: halina jani hata moja. Utamu ule umetoka wapi?

Umetoka kwa kaka zake. Mwanzi ni jamii ya nyasi, na mashina ya kichaka kimoja huungana chini ya ardhi. Majani ya mashina yaliyotangulia hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, sukari hiyo huwekwa akiba, na mvua zikinyesha hupelekewa mdogo wao. Chipukizi huchomoza likiwa na unene wake wote, hurefuka kwa miezi michache, ndipo litoe matawi na majani. Hadi hapo linalishwa tu.

Chuma jani moja, upitishe kidole ukingoni. Linakwaruza, kama yale majani ya msasa ambayo maseremala wa zamani walilainishia mbao. Ukali huo ni wa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo, ambayo mmea huyafyonza kutoka udongoni. Ndiyo sababu majani makavu ya mianzi huchelewa kuoza. Wengi huyafagia na kuyachoma, na mimi huumia nikiona moshi ule. Yakiachwa hufunika udongo, hutunza unyevu, na polepole huurudishia ulichotoa.

Mabichi ni lishe. Kima wa dhahabu wa milima ya Virunga huishi zaidi kwa majani machanga na machipukizi ya mianzi. Mbuzi na ng'ombe nao huyala, na kiangazi ndipo utakapoyathamini, maana aina nyingi hubaki kijani nyasi zikishakauka.

Kupanda mwanzi wa njano si kazi kubwa. Kata kipande chenye vifundo viwili au vitatu kutoka shina lililokomaa, ukilaze mwanzoni mwa masika, ukifukie kidogo, na udongo usikauke. Miaka ya mwanzo usichume kitu. Baadaye, ukienda kutafutia mbuzi, chukua matawi ya chini ya mashina makongwe; ya juu yaachie machipukizi ya mvua ijayo.