MAZOEZI HUULINDA UBONGO

Mtu ameamka mzima. Amekunywa uji, ameshika jembe, amekwenda shambani. Ghafla mkono mmoja unalegea. Jembe linaanguka. Mdomo unakwenda upande. Anataka kuita watu, lakini maneno hayatoki vizuri. Ugonjwa huo unaitwa kiharusi.

Watu wengine husema mtu huyo amepigwa na pepo, au amerogwa. Hiyo si kweli. Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Una sababu zake, na mara nyingi unaweza kuzuiwa.

Kiharusi hutokeaje?

Ubongo ndio unaouongoza mwili. Ndio unaouamuru mkono ushike, mguu utembee na ulimi useme. Ubongo ni mdogo, lakini kazi yake ni kubwa. Katika kila sehemu tano za oksijeni inayotumiwa na mwili, ubongo peke yake hutumia sehemu moja hivi. Oksijeni hiyo hupelekwa na damu.

Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, sehemu fulani ya ubongo hukosa damu. Sehemu hiyo huanza kufa katika muda wa dakika chache. Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, na upande wa kushoto huongoza upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hupooza upande mmoja tu.

Tufikirie mifereji ya shambani

Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro humwagilia mashamba yao kwa mifereji. Mfereji mkubwa ukizibwa na mawe, shamba linalotegemea mfereji huo tu hukauka. Lakini kama kuna vijifereji vya pembeni vinavyopitisha maji, sehemu ya mazao huokoka mpaka mfereji mkubwa uzibuliwe.

Ubongo nao una mishipa midogo ya pembeni. Mshipa mkubwa ukiziba, mishipa hiyo midogo huweza kupitisha damu kidogo. Mwenye mishipa mizuri ya pembeni huumia kidogo kuliko asiye nayo.

Mazoezi hufanya nini?

Kwanza, mazoezi husaidia kushusha shinikizo la damu. Shinikizo kubwa la damu ndilo linaloleta kiharusi kuliko sababu nyingine yoyote. Pili, mazoezi husaidia mwili kutumia vizuri sukari na mafuta, ili mishipa isizibe mapema. Tatu, mazoezi huifanya mishipa iwe laini na iweze kutanuka.

Kuna faida nyingine pia. Wataalamu waliwazoeza panya kukimbia, kisha wakaziba mshipa wa ubongo wao. Panya waliozoea kukimbia waliharibika ubongo kidogo kuliko panya waliokaa tu.

Je, kwa binadamu ni hivyo hivyo? Mwaka 2018 wataalamu wa mji wa Gothenburg, nchini Uswidi, walitoa habari za wagonjwa 925 wa kiharusi. Waliwauliza wagonjwa walikuwa wakifanya mazoezi kiasi gani kabla ya kuugua. Waliokuwa wakitembea kwa muda wa saa 4 au zaidi kila wiki walipata kiharusi chepesi mara nyingi kuliko wale waliokuwa wakikaa tu. Uchunguzi huo peke yake hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo sababu. Lakini unakubaliana na yale yaliyoonekana kwa panya.

Je, mkulima anahitaji mazoezi?

Anayelima, anayechota maji na anayetembea kwenda gulioni anafanya mazoezi tayari. Kazi hizo ni kinga. Lakini si wote kijijini wanaofanya kazi hizo kila siku. Mwenye duka hukaa. Fundi cherehani hukaa. Dereva wa pikipiki hukaa kutwa nzima. Hata mkulima, baada ya mavuno, huweza kukaa wiki nyingi bila kazi nzito.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki. Kutembea haraka kunatosha. Hakuhitaji fedha wala uwanja.

Jembe peke yake halitoshi

Mtu asiseme, "Mimi nalima, siwezi kupata kiharusi." Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wa kiharusi Dar es Salaam na katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Ukilinganisha na idadi ya watu, Dar es Salaam walipatikana wengi zaidi. Lakini Hai, penye wakulima wengi, nako walikuwako.

Shinikizo kubwa la damu mara nyingi haliumi. Mkulima hodari huweza kuwa nalo bila kujua. Kwa hiyo nenda zahanati ukapimwe. Punguza chumvi. Acha tumbaku na ulevi. Ukiwa umepewa vidonge vya shinikizo la damu, usiviache kwa sababu unafanya mazoezi. Kama una ugonjwa wa moyo, muulize mganga kwanza.

Ukiona dalili za kiharusi

Mwambie mtu acheke, uone kama uso umekwenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme maneno machache, uone kama anayasema vizuri. Ukiona hata dalili moja tu, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kesho. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huweza kumpalia. Kumbuka saa ugonjwa ulipoanza, maana mganga atauliza.

Mazoezi hayamhakikishii mtu kwamba hatapata kiharusi. Lakini vijifereji huchimbwa kabla ya ukame. Tuanze kutembea tukiwa wazima.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupooza upande mmoja?
2. Ni watu gani kijijini kwetu wanaokaa kutwa nzima? Wafanye mazoezi gani?
3. Ni nani kati yetu amepimwa shinikizo la damu mwaka huu?