Nyaya Mbili, Mmoja Umezuiwa

Baadhi yenu mnaosoma kompyuta mmetuuliza: swichi mbili za mtandao (si zile za taa) zikiunganishwa kwa nyaya mbili ili mmoja ukikatika mwingine ushike kazi, mbona waya mmoja haupitishi kitu? Je, umeharibika? La, umezuiwa makusudi.

Swichi ikipokea ujumbe uendao kwa kompyuta zote, huutoa katika kila tundu isipokuwa lile ulioingilia. Zikiwapo njia mbili wazi, ujumbe huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, nao hauna kikomo cha safari. Ujumbe mpya huongezeka juu ya wa zamani, na baada ya muda mfupi hakuna kompyuta inayopata nafasi.

Mwaka 1985 Bi. Radia Perlman, wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alibuni utaratibu uitwao spaningi-trii. Swichi huchagua mojawapo kuwa mzizi. Kila swichi nyingine hubakisha njia yake bora ya kuufikia, na njia za ziada huzuiwa. Njia ikikatika, iliyozuiwa hufunguka: kwa utaratibu wa kale baada ya sekunde 30 hadi 50, kwa ule wa mwaka 2001 upesi zaidi.

Lakini una mipaka. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, ilirudia kuandika kwa karatasi kwa takriban siku nne. Mtandao wake ulikuwa umeungwa swichi juu ya swichi kupita kiwango cha spaningi-trii.

Wengi hukosea kwenye mzizi. Mwenye namba ndogo ndiye mzizi, na kwa kawaida swichi zote hutoka kiwandani na 32768. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo ya kiwandani, na huenda ikawa ile kuukuu iliyosahauliwa kabatini! Basi swichi ya katikati iandikieni 4096, na msaidizi wake 8192. Namba huenda kwa mafungu ya 4096, hivyo 5000 haikubaliwi.

Hakikisheni kwanza kuwa spaningi-trii imewashwa pande zote mbili, ndipo mchomeke waya wa pili. Kisha chomoeni ule unaofanya kazi, jioni watu wakishaondoka, mkahesabu sekunde mpaka mtandao urudi.