Moto wa Kwanza Ukishapungua

Kuna neno ambalo wengi wetu hapa Bukavu tunalisema kwa sauti ya chini, njiani kutoka ibadani, tena kwa mtu mmoja tu tunayemwamini: "Siku hizi ninaomba, lakini sisikii kitu." Anayesema hivyo si mwasi. Mara nyingi ni yule yule anayefagia kanisa Jumamosi. Alibatizwa miaka 5 au 10 iliyopita, akalia machozi ya furaha, akashuhudia sokoni Kadutu mbele ya wauza sambaza wenzake, akafunga siku 3 bila kunung'unika. Leo anasinzia katika maombi ya usiku. Midomo inaimba, moyo unahesabu bei ya makala na pesa ya shule. Halafu anaanza kujiuliza kama aliokoka kweli.

Sisi walimu tunaijua hali hii kwa sura nyingine. Kila Septemba watoto wanaingia na madaftari yaliyofunikwa vizuri, mwandiko umenyooka, kila kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ikifika Februari mstari umepotea na jalada limechanika. Mzazi akija kuniuliza kama mtoto ataweza, sifungui ukurasa wa Septemba. Huo wote wanaandika vizuri. Ninafungua ule wa Februari, na hata mwandiko ukiwa mbaya, ninatazama kama kazi imefanywa.

Mama yeyote anayepika maharagi kwenye mbabula anajua jambo lingine. Unaanza na karatasi, vijiti, labda kipande cha plastiki (ingawa moshi wake ni mbaya kwa watoto). Moto unaruka juu, jikoni kote kunaangaza. Lakini hakuna anayeweka chungu cha maharagi juu ya moto wa karatasi. Unangoja ushuke, makala yashike. Mtu asiyejua kupika akipita wakati huo atasema moto umezimika.

Wale waliotangulia kuleta Injili katika Maziwa Makuu walilifahamu hili mapema. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wapadri Weupe na kutuma msafara wao wa kwanza kuelekea huku mwaka 1878, aliweka sheria ya kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupita miaka 4 ya maandalizi. Miaka 4! Siku hizi tunafanya kampeni ya siku 5, na Jumapili inayofuata tunahesabu walioinua mikono. Sisemi ya kwamba Mungu hawezi kumgeuza mtu kwa usiku mmoja. Lakini ile miaka 4 ilikuwa na akili ndani yake. Ilimpa mtu nafasi ya kuchoka, kuugua, kuvuna vibaya, kugombana na mwenzake wa mafundisho, na kurudi tena. Alipofika kwenye maji ya ubatizo alikuwa ameshaonja Februari yake.

Upande wa Waprotestanti tuna Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 huko Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini huko Rwanda ambako Church alifanya kazi, moto ulienea katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu walilia usiku kucha, wakatubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba. Kilio namna hiyo hakiwezi kuendelea miaka 30, na hakikuendelea. Kilichobaki ni vikundi vidogo vya ushirika vilivyokutana kila wiki, watu wanaojuana kwa majina, mtu anasema ukweli wa wiki yake, wengine wanasikia, wanaomba, wanarudi nyumbani. Ni kitu cha kawaida kabisa, hata cha kuchosha. Lakini ndicho kilichopitisha imani kutoka kwa wazazi hadi kwa wajukuu.

Nisogee karibu zaidi, hapa kwetu. Wenye umri wangu walikuwa wadogo mwaka 2000, lakini wamama wakubwa wanakumbuka vizuri. Askofu mkuu Emmanuel Kataliko aliandika barua ya Noeli ya 1999, akasema waziwazi juu ya uporaji na mateso ya watu, akawaita Wakristo wasikate tumaini. Mnamo Februari 2000 wakuu wa uasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu, akapelekwa uhamishoni Butembo. Mji ulisimama, makanisa na shule zikafungwa kwa kupinga. Siku za kwanza kila mtu alikuwa na nguvu. Kufunga mlango wa shule wiki moja kwa hasira ni jambo ambalo hata asiyesali anaweza. Lakini uhamisho ulipita Pasaka, ukapita mwisho wa mwaka wa masomo, na watu wakaendelea kuomba arudi. Alirudi Septemba. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, akafariki huko Italia.

Fikiri kidogo juu ya mama aliyeomba miezi 7, akaona jibu, akacheza barabarani, kisha kabla nguo ya sherehe haijazeeka akasikia matangazo ya kifo. Imani inayosimama juu ya furaha ya siku ya kupokea jibu, hapo inaanguka. Wamama wengi walishika tena rozari au Biblia zao, sidhani kwa sababu walikuwa na raha. Walikuwa wamezoea kuomba saa ile, na mazoea yaliwabeba wakati moyo haukuweza. Sisi wa leo tunadharau mazoea katika imani, tunayaita dini ya mdomo. Mimi ninaona mazoea mema ni kama kitambaa cha kubebea mtoto. Mtoto anasinzia, haoni kitu, lakini haanguki.

Kuna wengine ninaowapenda zaidi, wamama wa kisiwa cha Idjwi. Mnamo Oktoba 2012 watu wenye silaha walimshambulia daktari Denis Mukwege nyumbani kwake hapa Bukavu, akalazimika kuondoka nchini na jamaa yake. Dunia ilipiga kelele, na kelele ikapoa kama kawaida. Wamama wa Idjwi, watu wa kipato kidogo sana, waliandika barua kuomba arudi. Walipoona barua hazitoshi, wakauza mananasi na vitunguu ili wamchangie tiketi ya ndege. Hesabu mwenyewe ni mananasi mangapi yanafikisha tiketi kutoka Ulaya. Alirudi Januari 2013, na amesema mara nyingi ya kwamba ni wamama hao waliomrudisha. Hawakuwa na moto mkubwa wa kuonyesha. Walikuwa na beseni kichwani, na safari ya kuvuka ziwa.

Sasa niseme jambo ambalo labda halitapendeza wote. Mama akiona moyo umepoa, mara nyingi anaambiwa atafute mahali penye moto. Anahama kanisa, anaenda chumba cha maombi cha mtaa wa pili, kisha cha Panzi, kisha cha Bagira. Kila mahali mwezi wa kwanza ni mtamu, kwa maana kila kitu kipya ni kitamu. Mwezi wa nne anaambiwa kuna laana ya ukoo, na laana ina bei yake ya kufunguliwa. Pesa ya likelemba inaenda huko, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa deni la shule. Tangu Februari 2025, benki zilipofunga mjini kwetu, pesa imekuwa ngumu kuliko zamani, na bado kuna wanaoomba sadaka ya mbegu kwa mama asiye na unga. Mtu anayekuuzia hisia hakupi imani, na kesho atakuuzia tena.

Tena, si kila kupoa ni jambo la roho. Someni tena habari ya Eliya katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, na siku chache baadaye amelala chini ya mti anaomba kufa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Neno la Mungu likaja baadaye, mlimani. Mama mwenye watoto 6, anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, aliyemzika ndugu mwaka huu, anayesikia risasi ndani ya usingizi, akisema hasikii kitu katika maombi, pengine anahitaji usingizi na chakula kabla ya mkesha mwingine. Kama huzuni inashinda wiki nyingi, hali wala halali, hana hamu hata ya watoto wake, aende kuonana na mganga wa kituo cha afya au mshauri wa kisaikolojia. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Na kwa vikundi vyetu: tazameni Ana katika Luka sura ya 2. Aliishi na mume miaka 7 tu, kisha akawa mjane hadi miaka 84, na hekaluni hakutoka. Luka hatuambii siku hata moja ambayo Ana alisikia moto. Anatuambia tu kwamba alikuwepo siku Mtoto alipoletwa.

Viongozi wa vikundi wananiuliza wafanye nini na mama ambaye hajaonekana mwezi mzima. Msimsomee jina kama mtoro mbele ya wengine. Waende wawili, siku ya kazi, saa ambayo anapika. Wasianze na swali la kwa nini hakuja. Wamsaidie kuchambua maharagi, wabebe mtoto, waombe sala fupi isiyozidi dakika 2, wamwambie mkutano ujao ni Alhamisi saa tisa, na kwamba kiti chake kipo. Wiki inayofuata, kama hajaja, waende tena.