Fahamu: Kwa nini risasi ya masafa marefu huzunguka kama pia

Kila Julai, walenga shabaha hukusanyika Bisley, Uingereza, na fainali ya Tuzo ya Mfalme hupigwa kutoka yadi 900 na 1,000. Hiyo ya mwisho ni mita 914. Hapo jicho zuri peke yake halifui dafu.

Siri iko ndani ya mtutu, uliochongwa mifereji inayojipinda na kuizungusha risasi. Ikiwa mifereji hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12, risasi inayotoka kwa mita 870 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 2,800 kwa sekunde. Pia ya mtoto hufanya vivyo hivyo: ikienda kasi husimama wima, ikichoka huyumba. Risasi isiyozunguka vya kutosha hubingirika hewani na kutoboa karatasi kiubavu.

Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alilishika hilo mapema. Tundu la pembe sita la bunduki yake lilijipinda mara moja kila inchi 20; la bunduki ya jeshi, Enfield, kila inchi 78. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano haya kwa mara ya kwanza, wakati huo yakiwa Wimbledon, kwa kuvuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye kifyatulio cha bunduki ya Whitworth. Bunduki ilikuwa imeshategeshwa, kwa hiyo sifa tusimpe zote. Kwa yadi 400, risasi ilitua karibu inchi moja na nusu kutoka katikati.

Taabu hurudi mwishoni mwa safari: kasi ikishuka karibu na ile ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, risasi huanza kutikisika. Na upepo hauna dawa mtutuni. Mpigaji huzitazama bendera za uwanjani, akakadiria.