Bérchules, Manispaa ya Mifereji Inayovuja

Hispania ina manispaa zaidi ya 8,000, na nyingi kati yake zina watu wachache kuliko kata zetu. Bérchules ni mojawapo: wakazi wapatao 700 katika mkoa wa Granada, jimbo la Andalusia. Kijiji kimekaa mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, upande wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Mulhacén, kina mita 3,479. Kila baada ya miaka minne wananchi huchagua madiwani 7, nao humchagua meya. Kwa kazi zinazowashinda, husaidiwa na baraza la mkoa.

Lakini habari ya Bérchules ni maji.

Kiangazi huko mvua ni haba mno. Theluji ikianza kuyeyuka, mito hufurika na kukimbilia baharini kabla mazao hayajaona kiu. Ndiyo maana tangu enzi za Al-Andalus, yaani utawala wa Waislamu nchini Hispania, wakulima wamechimba mifereji juu kabisa mlimani. Ajabu ni kwamba baadhi ya mifereji hiyo haiendi shambani. Huyapeleka maji mahali ambapo ardhi inafyonza, yakaachwa yazame. Mwamba wa huko umemeguka-meguka, basi maji hupenya polepole na kuibukia kwenye chemchemi za chini wiki au miezi baadaye, jua likiwa kali. Mlima mzima umefanywa ghala.

Mfereji wenyewe ni wa udongo na mawe, na unavuja. Acha uvuje! Kuvuja huko ndiko kunakoinywesha mialoni na malisho ya mteremkoni. Ukisakafiwa, miti iliyo chini yake hukauka. Mgawa maji hutembea na jembe. Huinua bamba la jiwe na donge la nyasi lililoziba mlango, maji yakageukia shamba la pili, kisha donge lile lile huziba mlango wa shamba la kwanza. Zamu huhesabiwa kwa saa, chini ya chama cha wamwagiliaji kinachotambuliwa na sheria ya maji ya Hispania.

Vijana walipohamia mijini, mifereji mingi ilifukiwa. Mwaka 2014 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Granada waliungana na wakazi wa Cáñar, manispaa nyingine ya milima hiyo, wakafukua mfereji wa Barjas uliokuwa umeachwa. Maji yakarudi.

Elimu hii kwetu si ngeni. Wachaga wana mifongo, yaani mifereji yao ya asili, Kilimanjaro; Wamarakwet wa Kenya wana mifereji inayoshuka kuelekea Bonde la Kerio, yote ya tangu kabla ya ukoloni, na wazee ndio waliogawa zamu. Ila tumezoea kuiita ya kizamani. Mradi ukija, huulizwa maji mangapi yanapotea njiani; ni nadra kuulizwa yanapotelea wapi, na nani anayanywa huko chini. Halmashauri zenye mifereji ya asili ziwakalishe wazee wa zamu na wahandisi meza moja, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.