Magari ya Marekani tuliyoyaendesha kwa macho

Majuzi nilikuwa nikisafiri kwa matatu kutoka Kibwezi, Kaunti ya Makueni, kuelekea Mutomo katika Kaunti ya Kitui. Kando yangu aliketi mwalimu kijana aliyekuwa akitazama katika simu yake picha za magari ya Marekani ya miaka ya sitini. Palikuwa na Cadillac yenye mapezi kama ya papa, Chevrolet Impala ndefu kama ngalawa, na Ford Mustang nyekundu inayong'aa. Kijana alishusha pumzi, akanigeukia na kusema: "Mzee, ninyi ndio mlioionja dunia. Magari ya siku hizi ni makopo matupu."

Nilicheka, kisha nikanyamaza hadi tulipovuka Mto Athi. Kijana yule hakujua kwamba alikuwa amegusa kidonda cha zamani. Wala hakujua kwamba magari aliyokuwa akiyatamani, sisi wa Ukambani tuliyaendesha kwa macho tu.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mmoja wa wale aliosoma nao alibahatika kwenda Marekani kwa zile safari za ndege za wanafunzi ambazo Tom Mboya na wenzake walizianzisha mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walipoondoka kwa ndege ya kwanza. Rafiki huyo hakumsahau mwenziwe. Kila alipoandika barua, alitia ndani ya bahasha kurasa alizozikata kutoka katika majarida ya huko, na aghalabu kurasa hizo zilikuwa matangazo ya magari. Baba alizibandika kwa gundi katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Mimi niliyezaliwa mwaka 1968 nilizijua herufi za Kiingereza katika daftari hilo kabla sijaingia darasa la kwanza.

Matangazo hayo yalikuwa na uzuri wake, sikatai. Yale ya Pontiac hayakuwa picha za kamera bali michoro ya wasanii wawili, Art Fitzpatrick na Van Kaufman, ambao kwa makusudi walilichora gari likiwa pana kuliko lilivyokuwa kwa kweli. Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho ya New York, matangazo yake yaliitaja bei waziwazi, dola 2,368, ili kijana wa kawaida ajione tayari ameshika usukani. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Kalamu na rangi zilikuwa zimefanya kazi yake.

Lakini nilipokua nikaanza kutambua mambo yaliyokosekana katika kurasa zile. Hapakuwa na vumbi. Hapakuwa na mtu aliyeinama kubadilisha gurudumu. Hapakuwa na mgonjwa, wala gunia la mahindi, wala kuku aliyefungwa miguu. Katika daftari zima la baba hapakuwa na uso mmoja mweusi. Palikuwa na mume, mke, watoto wawili na uwanja wa majani mabichi, na gari lililoonekana kama halijawahi kumbeba jirani.

Tena, matangazo hayo yalikuwa na hila moja ambayo wanafunzi wa biashara wanapaswa kuijua. Tangu miaka ya ishirini, kampuni ya General Motors chini ya Alfred Sloan ilikuwa imejenga desturi ya kubadilisha umbo la gari kila mwaka, ili aliyenunua mwaka jana ajione amepitwa na wakati. Gari halikuwa limeharibika. Ni mwenyewe aliyefunzwa kulionea haya. Ndiyo sababu tangazo la Volkswagen la mwaka 1959, lililowahimiza Wamarekani wafikirie udogo, liliwashangaza wengi. Lilisifu gari dogo lisilobadilika sura, jambo ambalo wenzao walikuwa wakilificha.

Je, magari hayo ya Marekani hayakuwahi kukanyaga udongo wetu? Yalikuja, na kisa chake kina mafunzo. Mwaka 1963 magari ya aina ya Mercury Comet yalizungushwa katika uwanja wa mashindano wa Daytona, Florida, kwa siku 40 mfululizo. Kila moja lilitimiza maili 100,000, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Jambo hilo likatangazwa kote kuwa ushahidi wa uimara. Mwaka uliofuata, 1964, kikosi cha magari hayo kikaletwa katika mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki. Hapa hapakuwa na lami laini ya kuzunguka. Palikuwa na matope, mashimo na mito iliyofurika. Mengi ya magari hayo hayakumaliza safari. Ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina ndogo iliyoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Waama, mcheza kwao hutuzwa.

Gari lililotuteka nyoyo sisi lilikuwa jingine. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza Safari Rally, ni saba tu yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo hiyo likashinda mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia waliomaliza walikuwa saba kati ya 93. Tangazo gani la karatasi lingeweza kushindana na hilo? Wazee wetu hawakuhitaji mchoro. Waliliona gari lenyewe limepakwa matope hadi madirishani, bado linanguruma.

Baba alilinunua la kwake mwaka 1974, likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Lilikuwa jeupe, gia yake ikiwa kando ya usukani, na injini yake imelazwa ubavu kama mtu anayejipumzisha. Kijijini tulikuwa tukiliita Pijo tu. Mwalimu alikuwa na Pijo, lakini kwa kweli Pijo ilikuwa na kijiji. Usiku mlango wetu ulibishwa na jirani ambaye mkewe alikuwa amepatwa na uchungu wa kuzaa. Siku ya mnada ilibeba magunia ya mbaazi. Ilibeba maharusi, na mara mbili ninazozikumbuka ilibeba jeneza juu ya keria. Ilipokwama katika mchanga wa mto, watu kumi walijitokeza kuisukuma bila kuitwa, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kesho itakuwa zamu yake kupanda.

Kisha ukaja mwaka 1984 na ile njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika pesa mkononi. Mvua zilikatika, chakula kikaadimika madukani, mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo. Karo yangu ilikuwa ikitoka kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamekufa. Nilikuwa kidato cha tatu. Baba alibakiwa na kitu kimoja tu chenye bei.

Siku mnunuzi alipokuja, baba aliipangusa Pijo kwa kitambaa kikavu, kwa maana maji yalikuwa ya watu. Akamkabidhi ufunguo, akaingia nyumbani. Sikumsemesha baba likizo nzima. Niliona ameniaibisha mbele ya wenzangu, kana kwamba hadhi yetu yote iliondoka na vumbi la gari lile. Mama aliniambia neno moja tu: "Baba yako hajauza gari, amenunua mwaka." Sikumwelewa.

Baba alipofariki, nilifungua lile daftari la matangazo. Baada ya ukurasa wa mwisho wa magari ya Marekani, alikuwa amebandika kwa gundi ile ile stakabadhi zangu za karo za mwaka 1984 na 1985. Hakuandika lolote chini yake. Nilikaa nalo mapajani hadi taa ikazimika.

Ndiyo maana sikuweza kumjibu upesi mwalimu kijana wa matatu. Kutamani ya kale si dhambi, lakini tutamani kwa macho yaliyofumbuka. Magari yale ya fahari yalikuwa pia mauti kwa wengi. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake kuhusu hatari za magari ya Marekani, na sura yake ya kwanza ilihusu Chevrolet Corvair. Hata hapa kwetu tusijidanganye. Katika Pijo tulijazana kama mahindi guniani bila mshipi hata mmoja, na Barabara ya Mombasa ilitoza kodi yake kwa damu. Tulingoja hadi mwaka 2004 ndipo kanuni za Waziri John Michuki zikawalazimisha abiria wa matatu kufunga mikanda.

Nawasihi walimu wenzangu wa lugha, historia na biashara: leteni matangazo darasani, ya zamani na ya leo. Waambieni wanafunzi wayasome kama wanavyosoma shairi au tamthilia. Nani amechorwa, na nani ameachwa nje? Kimetajwa nini kuhusu chombo chenyewe, na kimetajwa nini kuhusu wivu wa jirani? Bei iko wapi? Simu zilizo mikononi mwa vijana wetu zimejaa matangazo ya mikopo ya haraka na ya kubahatisha michezo, na hila yake ni ile ile ya michoro ya Pontiac: kukipanua kitu kuliko kilivyo. Kisha wanafunzi waende nyumbani wawaulize wazee gari la kwanza walilopanda lilimbeba nani, na kwenda wapi. Majibu hayo hayamo katika jarida lolote.

Tulipofika Mutomo nilimwambia kijana yule kwamba magari ya siku hizi si makopo matupu. Gari huwa tupu likibeba mtu mmoja na sifa zake. Alicheka, akaniaga kwa heshima, akabeba mkoba wangu hadi kando ya barabara.